Televisheni ya Mzee Mochama

Sanduku la Posta 41,
Homa Bay,
South Nyanza.
Tarehe 17 Septemba, 1968.

Mpendwa dada yangu Gesare,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana wetu, wewe na shemeji Ondieki na watoto wote. Mguu wako unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema umeanza kukanyaga mpaka sokoni na kurudi bila fimbo, nikafurahi mpaka nikamwambia hata mtu asiyekujua. Na kile kikohozi cha shemeji, cha vumbi la pamba, kimepungua? Mwambie ajifunge kitambaa puani akiwa kiwandani, asione haya mbele ya wenzake.

Sisi huku ni wazima. Mke wangu Bosibori hajambo, amenenepa kidogo, na akiambiwa hivyo anakasirika kwanza halafu anafurahi. Mvua ilikawia lakini imekuja, na mtama umesimama vizuri. Ziwa nalo limetulia, samaki ni wengi, mpaka paka wa hapa wamekuwa na kiburi.

Naandika kwa Kiswahili ili watoto wakusomee, kwa sababu watoto wako wa Mwanza wakijaribu kusoma Kikisii ni kama mtu anayetafuna kokoto. Yeyote anayekusomea nampa salamu zake, na namwomba asiruke mahali popote, hata pale atakapoona mjomba wake anajiaibisha. Hapo ndipo asome polepole.

Binti yako Marcella ni mzima kabisa. Bado anafundisha wale watoto wadogo hapa kwa shule ya misheni, na watoto wanamfuata njiani mpaka kwetu kama vifaranga. Maneno yake yeye ndiyo sababu ya barua hii, lakini siwezi kufika kwake mpaka nipitie kwa televisheni. Vumilia.

Dada, nasikia huko Tanzania hamjaletewa televisheni. Ni kama redio, lakini ina kioo kwa mbele, na watu wanaozungumza unawaona, wadogo wadogo, wanatembea, wanakunywa chai, wanagombana. Mzee Mochama, huyu tajiri wangu mwenye mashine ya kusaga, ndiye mtu wa kwanza kati yetu hapa kuwa nayo. Alinituma mimi Migori na lori, kwa yule Mwislamu mwenye duka la redio, Issack. Issack akaiwasha mbele yangu, nikaona mvua tupu, nyeupe, na sauti ya mtu inatoka ndani kama anazama. Nikamwambia hii ni mbovu. Akacheka, akaapa kwamba kosa ni la Migori, si la kitu chenyewe. Akasema Homa Bay iko wazi kwa ziwa, picha zitakuja zikitembea juu ya maji bila kuzuiwa na mlima wowote. Akanipa chai na mandazi, nikaamini. Nikarudi nimeipakata mapajani juu ya blanketi njia nzima, na kila mtu aliyepanda lori alinipongeza kana kwamba nimetoka hospitali ya wazazi.

Kwa kweli Issack hakudanganya sana. Tulisimamisha mti mrefu wa mkalitusi nyuma ya mashine, tukafunga waya juu, na kwa chini tukaweka mpini wa kuzungusha. Umeme unatoka kwa injini ile ile ya kusaga, ina dainamo, kwa hiyo jioni mahindi yakiisha, mkanda unatolewa kwa jiwe, unavishwa dainamo, na nyumba inawaka. Picha zinakuja na manyunyu kidogo, lakini zinakuja. Jumamosi haiwashwi. Mzee ni Msabato wa kweli, Jumamosi anaifunika kwa kitambaa cha meza tangu Ijumaa jua likitua, hata vumbi lake haliguswi.

Mchezo tunaoupenda unakuja kutoka Nairobi kila Jumanne jioni, kwa Kiswahili. Kuna tajiri anaitwa Bwana Majaliwa, ana mabasi, ana nyumba ya ghorofa, na ana mtoto mmoja wa kiume, Zuberi, ambaye hana kazi nyingine ila kumtia baba yake taabani. Leo Zuberi ameuza kofia ya baba yake kwa muuza maboga, na baba anaiona kofia inapita barabarani juu ya kichwa kingine. Kesho baba anajifanya mgonjwa wa kufa ili asikie mtoto atalia namna gani, na mtoto anamletea fundi wa kupima sanduku. Kuna na mpishi wao, mtu mwembamba mwenye aproni, anayesikiliza kila mlango. Ukiona mpishi anapangusa kitasa, ujue amesikia jambo.

Siku ya kwanza tuliaibika vibaya. Wewe unajua desturi yetu, lakini watoto wako waambie. Kwetu Kisii mtoto wa kiume aliyetahiriwa na baba yake wana heshima kati yao. Hawaongei upuzi pamoja, hawacheki mambo ya mwili pamoja, na huyo kijana haingii kwa chumba cha baba yake cha kulala hata kama nyumba inavuja. Sasa siku hiyo ya kwanza Zuberi akafungua mlango wa chumba cha baba yake bila kubisha, akakaa kitandani, na Bwana Majaliwa akatoka nyuma ya kabati amevaa chupi na soksi, wakaanza kuvutana suruali. Mzee Mochama alisimama akaondoka, akaenda kuangalia ng'ombe gizani. Akarudi akauliza kama wale watu wamemaliza kuvaa.

Lakini Jumanne iliyofuata alikuwa wa kwanza kukaa.

Ikawa hivi. Mzee anakaa ndani kwa kiti chake. Mwanawe Nyabuto, yule kijana ninayekuandikia habari zake kila mara, anakaa nje kwa veranda, anatazama kwa dirisha, ili baba na mwana wasionane wakicheka. Majirani wamejaa pande zote, Wajaluo na Wakisii, na Roseline wa Kendu Bay, anayeuza samaki kwa mlango wa mashine, hana haya, anakaa chini mbele kabisa. Mimi nilikaa kwa kizingiti, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje.

Mtu asiyejua angefikiri ni heshima tu. Na mimi niliwaacha wafikiri hivyo. Ukweli ni kwamba Mzee Mochama na Nyabuto walikuwa hawasemezani tangu mvua ya Aprili. Walikuwa wanakaa boma moja, wanakula ugali wa chungu kimoja, na neno halipiti isipokuwa kupitia kwangu. Mzee anasema, mwambie huyo dizeli imebaki kidogo, na huyo amesimama pale pale. Nyabuto ananiambia, mwambie Mzee nimesikia. Hata siku nyoka alipoingia kwa banda la kuku, Mzee aliniita mimi kwanza, akaniambia nimwambie huyo alete panga. Mpaka nimwambie huyo, nyoka alikuwa ameshaenda zake.

Nafikiri Mzee alinunua ile televisheni kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Mkewe yuko nyumbani Kisii kwa shamba, wala hakuambiwa habari ya ugomvi huo.

Sasa dada, fika hapa polepole. Mwezi wa Juni nilikuandikia kama esigani, mtu wa katikati wa posa ya Nyabuto kwa Marcella, niliyeaminiwa na pande zote mbili. Kazi ya huyo mtu ni moja tu, kuchunguza nyumba anakotaka kuolewa msichana na kuwaambia wazazi ukweli, mzuri na mbaya. Nikakuandikia kwamba nyumba ya Mochama haina neno, kwamba baba na mwana ni kitu kimoja. Wewe na shemeji mkajibu kwa furaha, mkasema mimi ndugu yako nimeona basi nyinyi mmeona. Uliandika hivyo hivyo. Mimi nikaikunja hiyo barua nikaitia kwa mfuko wa koti, na tangu siku hiyo nikawa sivai hilo koti.

Nilidanganya. Lakini uongo wenyewe ulikuwa na mizizi, na mizizi yake ni mibaya kuliko uongo.

Ilikuwa Aprili, siku ya soko, mashine imejaa wanawake na madebe yao. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kivuli, Roseline amenikaangia samaki, ngege mkubwa, ndiyo nimeanza upande wa kwanza. Injini ikaanza kupandisha mwendo yenyewe. Ilinguruma, mabati yakatetemeka, mkanda ukawa unapiga hewani, wanawake wakakimbia na unga vichwani. Ili kuizima ilitakiwa spana ya kufungia bomba la dizeli. Nyabuto akaja mbio akaniuliza spana iko wapi. Iko wapi? Siku moja kabla nilikuwa nimekaza nayo kitanda cha Mzee, nikaisahau huko huko chini ya kitanda.

Nikamwambia iko kwa chumba cha Mzee, ingia tu, Mzee ameenda ziwani kuoga.

Na Mzee alikuwa ameshatoka ziwani. Alinipita na taulo begani na sabuni mkononi, nikamsalimu, akaniambia samaki wako anapendeza. Nilijua yuko ndani. Na mimi mwenyewe ningeweza kuingia bila ubaya wowote, kwa maana mimi si mwanawe, mara ngapi nimemshika Mzee akiumwa mgongo. Sikutaka kusimama. Dada, hakuna sababu nyingine nimeipata, na nimeitafuta sana. Sikutaka kuacha samaki wangu.

Nyabuto aliingia kama risasi, akamkuta baba yake vile alivyozaliwa. Akachukua spana, akazima injini, hakuna aliyeumia. Lakini Mzee alitoka baadaye amevaa suti yake ya kanisani, siku ya kazi, akamuuliza mbele yangu ni nani aliyemwambia aingie. Nyabuto akanitazama mara moja. Halafu akasema hakuna mtu, aliingia mwenyewe. Mzee akasema basi alete mbuzi wa kuomba msamaha. Nyabuto akasema hatatoa mbuzi kwa sababu aliokoa mashine. Ndipo likaanza lile la mwambie huyo.

Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza, na tena nilinona. Kwa maana mtu anayebeba maneno ya matajiri wawili hakosi chakula. Mzee ananiita asubuhi anipe uji na ujumbe, Nyabuto ananipa chapati jioni na jibu. Kila mmoja aliniona ni mtu wake. Bosibori akaniuliza mbona suruali zinabana, nikasema ni maji anayofulia.

Nirudi kwa televisheni. Shida ya mti wa waya ni kwamba upepo wa ziwa unaugeuza, picha inapotea, na lazima mtu aende nyuma ya mashine azungushe mpini, na mwingine aliye mbele ya kioo ampigie kelele. Mzungushaji ni Nyabuto. Mwenye kiti cha mbele ni Mzee. Kwa hiyo Mzee ananiambia, mwambie huyo kushoto. Mimi napiga kelele, kushoto. Mpaka Nyabuto asikie, Mzee ameshasema basi, amepita. Mimi napiga kelele, basi, umepita. Picha imekuja na imekwenda. Roseline aliwahi kusema bora turudie redio, redio haina mjumbe.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita mchezo ulikuwa mtamu kuliko yote. Bwana Majaliwa na Zuberi wamegombana, hawataki kusemezana, na mpishi ndiye anayebeba maneno juu na chini ya ngazi. Kumbe huyo mpishi kila neno analigeuza kidogo njiani ili ugomvi usiishe, kwa sababu kila akifika juu anapewa kipande cha kuku, na kila akishuka anapewa kipande cha keki. Watu walicheka mpaka wakalia. Halafu Roseline akageuka pale chini, akanitazama mimi na sahani yangu ya njugu.

“Mayaka, omera, ndugu yangu, ulienda Nairobi lini? Hata aproni hukutuonyesha.”

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Mzee naye alicheka. Nje kwa dirisha Nyabuto hakucheka, nilimsikia kwamba hacheki. Nikaweka sahani chini.

Na pale pale ambapo Zuberi amemwona mpishi anageuza maneno, anakaribia kumshika kola, upepo ukapiga mti. Picha ikageuka mvua. Watu wakapiga mayowe. Nyabuto akakimbia nyuma ya mashine. Mzee akanigeukia aniambie mwambie huyo, akaniona nimekaa tu kama gunia, siwezi kufungua mdomo. Sikuweza kabisa, dada. Mzee alinitazama, akakitazama kioo, akanitazama tena. Akasimama, akatoa kichwa kwa dirisha.

“Nyabuto! Kushoto!”

Halafu mti ukalia, unageuka.

“Hapo, Baba?”

“Umepita. Rudisha kidogo. Kidogo, nimesema, si kwenda Uganda.”

“Hapo?”

“Hapo hapo. Shikilia.”

Picha ikarudi, safi, kuliko siku zote. Lakini mchezo ulikuwa umekwisha. Mtu mwenye miwani alikuwa anasoma habari.

Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Watu wakabishana kama mpishi alikamatwa au la. Nyabuto alirudi kwa dirisha akihema, na baba yake akiwa bado amesimama pale pale, na nafikiri wote wawili hawakukumbuka kwamba hawasemezani, au walikumbuka wakaona ni kazi kuanza tena. Mzee akasema mtu kama yule mpishi hawezi kusema mwenyewe, mpaka akamatwe na kuku mkononi. Nyabuto akakataa. Alisema mpishi atasema, kwa maana yeye si mtu mbaya, ni mlafi tu, na mlafi ana siku yake ya kushiba.

Hakunitazama aliposema hivyo. Angenitazama labda ningekasirika.

Nikasimama nikasema, “Mzee, mpishi ni mimi.”

Watu wakacheka tena, wakafikiri naendeleza mzaha wa Roseline. Ikabidi niseme tena, na niseme yote, la spana, la taulo begani, la kwamba nilijua. Nilisema mbele ya watu wote kwa sababu nilijua nikingoja wabaki wachache nitapata maneno mazuri ya kujitetea. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, uso kama jiwe la kusagia.

“Ulikuwa unakula samaki gani?” akaniuliza.

“Ngege, Mzee.”

“Wa kukaanga?”

“Wa kukaanga.”

Roseline akasema taratibu kwamba ni kweli, anamkumbuka, alikuwa ngege mkubwa sana.

Mzee akainuka, akaingia kwa chumba chake, akafunga mlango. Mimi nikajua kazi imekwisha, na posa imekwisha, na nikaanza kutafuta kofia yangu. Halafu tukasikia kitu. Kile kitanda cha chuma kilikuwa kinalia, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, na juu yake sauti nyembamba kama ya mtu anayebanwa. Mzee Mochama alikuwa anacheka. Alikuwa ameenda kucheka mahali ambapo mwanawe hawezi kumwona. Na nje kwa veranda Nyabuto alikuwa ameteleza mpaka chini, mgongo ukutani, anajipiga goti, machozi yanamtoka. Kila mmoja upande wake wa ukuta, vile desturi inavyotaka, lakini kwa wakati mmoja, na mmoja akipoa anamsikia mwenzake anaanza tena.

Dada, sijawahi kusikia nyumba ina furaha namna ile.

Mzee alitoka baadaye ameosha uso. Watu walikuwa wamepungua. Akamwita Nyabuto aingie ndani akae kwa kiti, akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo ni nani aliyemtuma. Nyabuto akajibu kwamba mimi ni mjomba wa Marcella.

Ni hilo tu alilosema. Mzee akanigeukia, na hapo hakukuwa na kicheko.

“Kwa hiyo mtoto wangu alikubali nimchukie, ili wewe usione haya.”

Nikasema ndiyo.

Mbuzi nimetoa mimi. Alichinjwa Jumapili, na mzee Makori, kaka yake Mochama, alikuja kutoka Kisii kusimamia maneno. Baba na mwana wakala nyama ya mbuzi huyo pamoja, na mimi nikapewa mfupa wa shingo, nikakubali. Siku hizi Nyabuto anakaa ndani Jumanne. Isipokuwa Bwana Majaliwa akianza kuelekea chumba cha kulala, mmoja wao anakumbuka kwamba injini inahitaji kuangaliwa. Jumanne iliyopita walikumbuka wote wawili kwa pamoja, wakagongana mlangoni. Na yule mpishi alikamatwa, usijali. Walimvua aproni, halafu wakamrudishia, kwa sababu hakuna mwingine ajuaye kupika.

Nilifikiri basi, nimesamehewa, mambo yamenyooka. Mzee alikuwa ameshachagua ng'ombe wa mahari. Nikaenda kumwambia Marcella. Alikuwa amekaa kwa mlango wetu anashona daftari za watoto kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mahali pa kucheka, kisha akaniuliza swali moja, kama wewe mama yake unajua. Nikasema bado. Akaweka sindano chini.

“Mjomba, mama yangu hatanitoa kwa nyumba aliyoelezwa kwa uongo. Mwandikie yote. Akisoma akakubali, na mimi nitakubali.”

Nikamwambia Nyabuto ni kijana mzuri, kila kitu kimekwisha. Akasema anajua kwamba ni mzuri, ndiyo sababu hataki kuanza naye hivyo. Dada, niliisikia sauti yako kabisa mle ndani. Hajaniletea uji tangu siku hiyo, anamwachia Bosibori. Na ng'ombe wamesimama, Mzee amesimama, Nyabuto anapita nyuma ya shule kila saa nne na hasemi kitu.

Basi nikupe sasa ile ripoti niliyopaswa kukupa Juni. Mzee Mochama ni mkarimu, lakini akikasirika anaweka hasira muda mrefu, anaifunga kama anavyofunga mlango wa mashine. Anahesabu dizeli kwa kijiti. Hapigi mtu wala halewi. Nyabuto ana kiburi, hawezi kusema samahani kwa urahisi, na akila anasoma gazeti. Anafanya kazi mpaka unga unamjaa nyusi. Na anaweza kubeba aibu ya mtu mwingine miezi yote ile bila kumtaja, hata anapochukiwa na baba yake mwenyewe, ili tu asimwaibishe mjomba wa msichana anayempenda. Kwa upande wa ukoo hakuna uchawi wala wizi, nimeuliza mpaka kwa maadui zao. Nyumba ina watu wawili wagumu na sasa wanaongea, saa nyingine wanaongea mno. Hayo ndiyo niliyoyaona, mazuri na mabaya, na hakuna niliyoyaacha.

Nisamehe dada. Niombee msamaha kwa shemeji pia, mwambie wewe kwa maneno yako, yeye akisikia kwako anaelewa. Nilikuwa naona haya kwa ajili ya Nyabuto, naona haya kwa Mzee, lakini wewe ndiye uliyesema kwamba nimeona basi umeona. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ukiona mimi sifai kusimama tena katika maneno ya binti yako, sina ubishi. Hata mimi naona hivyo.

Kwa hiyo jibu lako usilipitishe kwangu. Andika kwa Mzee Mochama mwenyewe, sanduku ni hili hili, jina lake juu ya bahasha. Akasomewe na mwanawe. Na Marcella mwandikie barua yake mwenyewe. Ikiwa ni ndiyo, wasikie kwako ndiyo. Ikiwa ni hapana, wasikie kwako hapana. Mimi nitakuwa kwa mashine na watu wengine, na nitajua siku watakayotaka kuniambia.

Nisalimie shemeji Ondieki, nisalimie watoto wote kwa majina yao, mkubwa mpaka yule wa mwisho ambaye bado sijamwona, na yule jirani yako Kaltum aliyekuwa akikukanda mguu, mwambie tunamwombea. Bosibori anakusalimu, na mzee Makori ameniambia nisisahau jina lake. Mungu awalinde huko ng'ambo ya ziwa, awape afya na mlango usio na ugomvi, na mguu wako ufike kanisani na kurudi.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda, na safari hii amekuambia kweli,

Mayaka.